Maneno Adimu Yalikuwa ya Nani? Historia Fupi ya Ukusanyaji wa Msamiati wa Kiswahili

UTANGULIZI

Ukifungua baadhi ya diwani za zamani zilizotayarishwa kwa ajili ya shule, kurasa za mwisho utakuta orodha ya maneno na maana zake chini ya kichwa "Sherehe". Mwanafunzi wa leo akiliona neno hilo mahali hapo hushtuka kidogo, maana kwake sherehe ni pilau, muziki na kadi za mchango. Kumbe sherehe ina maana nyingine pia: ni ufafanuzi wa maneno magumu ya kitabu. Sasa basi, tazama mkasa huo. Neno lililowekwa kutufafanulia maneno adimu limekuwa adimu lenyewe, nalo linadai sherehe yake.

Ndugu msomaji, sisi wanafunzi wa fasihi tunaishi na orodha hizi. Tunazikariri kabla ya mtihani na kuzisahau baada yake. Kuna na ule mchezo unaojulikana sana mabwenini: mtu anavua neno kutoka kwenye kamusi, analitupa katika semina, na wenzake wote wakinyamaza basi ameshahesabiwa kuwa msomi. Hatuna ugomvi na mapenzi ya maneno. Asiyeyapenda maneno afadhali akasome kitu kingine. Lakini ni wachache mno wanaouliza swali la kihistoria: orodha hizi zilitoka wapi? Nani aliuliza, nani alijibu, na nani aliamua kwamba neno hili ni "la kawaida" na lile ni "la kale" au "la kishairi"?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kuwafuata wakusanyaji wa msamiati wa Kiswahili tangu mwaka 1844 hadi zama zetu. Hoja yetu ni kwamba neno halizaliwi adimu. Linafanywa adimu na historia, na daftari la mkusanyaji ni sehemu ya historia hiyo. Kwa hiyo mhakiki anayelichukua neno bila kuuliza lilikusanywaje anakuwa amechukua nusu tu ya neno.

MADAFTARI MAWILI: MOMBASA NA UNGUJA

Waswahili wenyewe walikuwa na wajuzi wa maneno kabla ya mgeni yeyote kufika na kalamu yake. Malenga, mafundi wa vyombo, waganga, makungwi na masheikh walihifadhi kila mmoja msamiati wa kazi yake. Ila kamusi, yaani kitabu kinachoyang'oa maneno kwenye kazi na kuyapanga kwa alfabeti, ni jambo lililoletwa zaidi na wamisionari wa karne ya 19, na lilikuja na haja zao.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alifiwa na mkewe na mtoto wao mchanga. Pamoja na majonzi hayo aliendelea kujifunza lugha, na miezi michache tu baada ya kufika alikuwa ameanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa mji. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walifungua kituo huko Rabai. Mwaka 1850 maelezo yake ya sarufi ya Kiswahili yalichapishwa Tübingen, Ujerumani. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882. Mwenyewe hakuiona, kwani alikuwa amekwisha kufariki Novemba 1881.

Kamusi hiyo inautegemea zaidi Kimvita, na tahajia yake inamtesa kweli kweli msomaji wa leo. Lakini ukivumilia utakuta utajiri. Krapf hakuridhika kuweka neno moja la Kiingereza mbele ya neno moja la Kiswahili. Mara nyingi alieleza desturi, chakula, dawa au imani inayolibeba neno. Alichokosa kutupa ni majina. Kwa kawaida mtu aliyeulizwa hatajwi kando ya neno lake. Tunaona jibu, mjibuji hatumwoni.

Kwamba jambo hilo lingeweza kufanywa vinginevyo, Rebmann anatuonesha. Hapo hapo Rabai aliandika kamusi ya Kiniassa, lugha ya upande wa Ziwa Nyasa, iliyochapishwa mwaka 1877. Maneno yake aliyapata kwa Salimini, mtu aliyetekwa utumwani kutoka nchi hiyo akafikishwa hadi pwani ya Mombasa. Jina la Salimini limetufikia kwa sababu lilitajwa. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mtu aliyepokonywa nchi, jamaa na uhuru wake alikuwa amebeba kamusi nzima kichwani, na hiyo hawakuweza kumpokonya. Angeitwa "mwenyeji mmoja" tu, leo tungedhani kwamba kamusi ile ilitungwa na Rebmann peke yake.

Upande wa Unguja alifika Edward Steere, mwaka 1864. Mwaka 1870 alitoa vitabu viwili vilivyokuwa na athari kubwa: mwongozo wa lugha kama ilivyosemwa Unguja, wenye orodha ndefu za msamiati, na mkusanyo wa ngano ambazo jalada linasema zimesimuliwa na wenyeji wa Unguja. Baadaye A. C. Madan aliendeleza kazi ya upande huo kwa kamusi zake mbili za mwaka 1894 na 1903.

Kwa hiyo tangu mwanzo Kiswahili kilikuwa na madaftari mawili yanayoshindana. Daftari la Mombasa lilikuwa na fasihi nzito nyuma yake. Daftari la Unguja lilikuwa na biashara na misafara ya bara nyuma yake. Swali la nani angeshinda halikuamuliwa na uzuri wa maneno.

MWALIMU ALIYEITWA SIKUJUA

Kabla ya kufika kwenye uamuzi huo inafaa tusimame kidogo Mombasa ya miaka ya 1880, maana hapo ndipo tunapoona ukusanyaji wa namna nyingine.

W. E. Taylor, naye mmisionari, alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1880. Alivutiwa na ushairi na methali kuliko wengi waliomtangulia, na mwaka 1891 alichapisha mkusanyo wa mamia ya methali za Kiswahili. Lakini jambo analostahili kukumbukwa nalo zaidi ni mashairi ya Muyaka bin Haji. Muyaka alifariki yapata mwaka 1840, miaka kama arobaini kabla ya Taylor kufika. Mashairi yake yalikuwa bado vinywani mwa watu, na maneno yake yalikuwa yameshaanza kuhitaji maelezo hata kwa vijana wa Mombasa wenyewe. Aliyeyakusanya kutoka vinywani, akayaandika kwa hati za Kiarabu na kuyatolea maelezo, ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi.

Jina lenyewe ni kejeli tosha: mtu aliyejua kuliko wote aliitwa Sikujua! Alifariki mwaka 1890. Hati hizo zilifika London pamoja na karatasi nyingine za Taylor. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka huko Johannesburg, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa uchunguzi wake juu ya mshairi huyo na zama zake. Mnyororo mzima huo, tangu Taylor hadi Abdulaziz na hadi sisi tunaofanya mitihani juu ya Muyaka, umening'inia kwenye kumbukumbu ya Mwalimu Sikujua na ya wazee aliowauliza.

Sherehe aliyoifanya Sikujua ilikuwa na sifa moja muhimu. Alijua kwamba neno la Muyaka halielezeki kwa neno jingine tu. Muyaka alitunga wakati wa mivutano ya Mazrui wa Mombasa na Seyyid Said wa Oman, mivutano iliyokwisha kwa utawala wa Mazrui kuanguka mwaka 1837. Neno la kawaida kabisa katika shairi lake linaweza kuwa tusi kwa mkubwa fulani au onyo kwa mji mzima. Ukilitafuta neno hilo katika kamusi utalipata, na shairi hutalielewa. Ndiyo maana maelezo ya Sikujua yanagusa matukio na watu pamoja na maana ya maneno. Kwake, kufafanua neno kulikuwa ni kusimulia historia.

Lamu nako alikuwepo Muhamadi Kijumwa, mshairi, mwandishi wa hati za kupendeza na mchonga milango, aliyefariki mwaka 1945 akiwa mzee sana. Wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann walipata kwake nakala za tenzi na maelezo ya maneno yake. Tukiuondoa mkono wa Kijumwa katika hati za kaskazini zilizoko Ulaya, pengo litakalobaki ni kubwa ajabu. Na bado ni wanafunzi wangapi humu chuoni wanaolijua jina lake? Tunawajua waliochapisha. Wale waliojua tumewaacha kwenye shukurani za dibaji.

MWAKA 1930 NA MPAKA MPYA

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali za Kiingereza zilikuwa na nchi nne zinazotumia Kiswahili kwa kiasi mbalimbali, na zilitaka vitabu vya shule vya namna moja. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 iliamuliwa kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi hizo: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwanzoni wajumbe wake walikuwa Wazungu watupu. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alitayarisha kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1935, kisha zile kamusi mbili mashuhuri zilizotoka mwaka 1939, yeye akiwa amekwisha kufariki. Msingi wa kamusi hizo za 1939 ulikuwa kazi ya Madan, yaani daftari la Unguja.

Tuwe waadilifu hapa. Usanifishaji ulikuwa na faida zake. Mtoto wa Mwanza na mtoto wa Lindi waliweza kusoma kitabu kimoja. Shaaban Robert, ambaye kwao si Unguja, aliichukua lugha hiyo akaijengea nyumba. Na baada ya uhuru lugha hiyo hiyo ilikuwa chombo cha kuunganisha taifa. Asiyeyaona hayo amefumba macho.

Lakini kila mpaka una ndani na nje. Siku Kiunguja kilipowekwa katikati, maelfu ya maneno ya Lamu, Pate, Mombasa, Pemba, Vumba na Ngazija yalijikuta pembeni, ingawa wasemaji wake hawakuhama hata hatua moja. Mama wa Kiamu aliyekuwa akisema maneno yake ya kila siku jikoni aliamka asubuhi akaambiwa, kwa mujibu wa vitabu, kwamba anazungumza "lahaja". Na maneno ya washairi wake, kwa kuwa wanafunzi wa bara waliyakuta vitabuni tu, yakapewa alama ya "kishairi". Hivyo ndivyo neno linavyofanywa adimu. Mtu haachi kulisema. Linaachwa na kitabu.

KAMUSI MBILI ZA MWAKA MMOJA

Historia nayo ina vichekesho vyake. Mwaka 1939, ule ule wa kamusi za Johnson, ilianza kutoka Paris kamusi nyingine iliyokwenda kinyume nazo kabisa. Ni ile ya Kiswahili kwa Kifaransa ya Padre Charles Sacleux, iliyokamilika mwaka 1941 ikiwa na kurasa zaidi ya elfu moja.

Sacleux alifika pwani yetu mwaka 1879 akakaa Unguja na Bagamoyo hadi mwaka 1898. Alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, na mtu aliyezoea kukusanya mimea ana tabia moja njema: hachumi jani bila kuandika limetoka wapi. Tabia hiyo aliihamishia kwenye maneno. Aliandika neno hili ni la Kiamu, hili ni la Kimvita, hili la Kiunguja, hili la Kingazija. Jina la mti kwake halikuwa "aina ya mti" tu, kama zinavyotujibu kamusi nyingine hadi tunachoka. Alijitahidi kuonesha ni mti gani hasa.

Kamusi ya Johnson ilikuwa ikiuliza: neno lipi litumike? Kamusi ya Sacleux ilikuwa ikiuliza: neno lipi lipo? Maswali yote mawili ni halali. Bahati mbaya ni kwamba jibu la swali la pili liliandikwa kwa Kifaransa, katika nchi ambamo shule zilifundisha Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili wa Dar es Salaam au Nairobi akitaka kujua bibi yake wa Pate alisema nini, lazima kwanza ajifunze lugha ya Paris. Hali hiyo si ya kuchekesha hata kidogo.

BAADA YA UHURU

Mwaka 1964 ile Kamati iligeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mwaka 1970 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na tangu 2009 ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya hati na kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya chuo, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Mwaka 1981 ilitoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo kwayo Kiswahili kilianza kujieleza chenyewe kwa upana kuliko alivyojaribu Johnson mwaka 1935.

Upande wa Kenya alikuwapo mtu ambaye, kwa maoni yetu, alilielewa tatizo la maneno adimu kuliko sisi sote: Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017. Wengi wanamjua kwa maneno mapya yanayohusishwa naye, kama vile runinga na tarakilishi. Wapo waliomcheka kwa hayo. Lakini kazi yake kubwa zaidi ilikuwa kuokoa maneno yaliyokuwa yakienda na mafundi wake.

Katika utungo wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, alieleza uundaji wa chombo cha baharini. Kiwandeo ni jina la kale la Lamu. Katika Umbuji wa Mnazi, wa mwaka 1985, alieleza mnazi na manufaa yake. Nabhany angeweza kuandika orodha, lakini aliamua kutunga. Kwa nini? Kwa sababu utungo unayaweka maneno katika mpangilio wa kazi yenyewe. Fundi hajui mbao za chombo kwa alfabeti. Anazijua kwa zamu: ipi inatangulia, ipi inaibeba nyingine, ipi ikikosewa chombo kitavuja. Neno lililohifadhiwa ndani ya zamu hiyo linabaki na kazi yake.

Chukua mnazi. Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi: ukiyasoma maneno haya matano katika kamusi yametawanyika sehemu tano, na kila moja litakuambia ni "nazi changa" au "nazi iliyokaribia kukomaa". Ukiyasikia kwa mkwezi ni maisha ya tunda moja tangu kuanza hadi kuiva, na kila hatua ina matumizi yake na bei yake. Ongeza joya, yaani nazi iliyoharibika ndani, na mbata, nazi iliyokauka na nyama yake kubanduka kifuuni. Kisha ingia jikoni na mbuzi, kifumbu, kasimile, tui na chicha. Hapo huna orodha tena. Una uchumi wa mwambao mzima.

ADIMU KWA NANI?

Sasa tuitazame mifano michache kuona jinsi historia inavyoingia ndani ya neno.

Mfano wa kwanza ni hesabu. Sita, saba na tisa ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Kabla yake pwani ilikuwa na maneno ya Kibantu, na ndugu zetu wa Mijikenda wangali nayo: Mgiriama anasema handahu, fungahe, chenda. Katika Kiswahili tandatu limebaki katika lahaja na maandishi ya zamani, na kenda limebaki kwa washairi. Lakini fungate je? Fungate limejificha mahali pa raha kuliko yote: kwenye harusi. Maharusi wanaokwenda fungate leo hawajui kwamba wanahesabu siku saba kwa Kiswahili cha mababu. Neno lilifukuzwa kwenye hesabu likapata hifadhi kwenye mapenzi. Kamusi inayosema tu kwamba fungate ni mapumziko ya maharusi imesema kweli, ila imeficha hadithi.

Mfano wa pili ni methali tuliyoikariri sote shuleni: hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Waulize wanafunzi kumi maana yake, wengi watakujibu sawasawa kwamba mtu hurudi kwao. Waulize tezi ni nini na omo ni nini, utasikia kimya. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, tezi ni ya nyuma, na ngama ni sehemu ya chini ndani yake. Kumbe methali inazungumzia watu waliofungiwa ndani ya chombo kimoja katikati ya bahari: zunguka utakavyo, hutoki humu. Hiyo ni kali kuliko "mtu hurudi kwao". Maana ya jumla tuliyofundishwa imeifuta picha, na picha ndiyo fasihi.

Mfano wa tatu ni neno kidaka. Tumekwisha kuliona kwenye mnazi. Lakini katika nyumba za mawe za Lamu na Pate kidaka ni kijishubaka kilichojengwa ukutani, tena kwa safu, ambamo waungwana walipanga sahani na vyombo vya fahari. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Inkishafi, anaionesha Pate iliyoanguka, na mojawapo ya dalili zake ni kwamba madaka hayo sasa wanalala ndege. Mwanafunzi mwenye orodha isiyotaja mahali ataamini kwamba ndege wamejenga viota katika nazi changa! Na hata akiambiwa "tundu la ukutani" bado hajaambiwa kitu. Ni lazima ajue kwamba madaka yalikuwa uso wa utajiri wa nyumba, ndipo aione aibu na majonzi ya mshairi. Neno hilo kwa Mpate wa karne ya 19 halikuwa adimu. Lilikuwa ukutani mwake.

SISI NASI TUNAKUSANYA NINI?

Walimu wetu watuwie radhi, lakini somo la msamiati kama linavyofanywa katika madarasa mengi linaendeleza kosa la daftari lisilo na mjibuji. Tunapewa neno na maana, mshale katikati, basi. Hatuambiwi nani alilisema, wapi, akifanya nini. Matokeo yake ni mashairi ya vijana yaliyojaa maneno mazito kama gari la mkaa, ambayo mwandishi mwenyewe hawezi kuyatumia kuagizia maji ya kunywa. Eti hayo ndiyo "umbuji"! Wale waliobishana miaka ya 1970 juu ya mashairi huru na ya vina waligusa jambo hili, ila ugomvi wa vina ulilimeza. Hoja ya msingi si kama neno ni la kale au jipya. Hoja ni kama mwandishi anaujua ulimwengu wa neno hilo.

Na tusidhani kwamba uadimu ni maradhi ya maneno ya zamani tu. Chukua daladala. Wengi hueleza kwamba jina hilo lilitokana na nauli ya shilingi tano ya miaka ya 1980 jijini Dar es Salaam, kwani sarafu hiyo iliitwa dala. Sarafu haina tena kazi, nauli imepanda mara nyingi sana, na neno limebaki likielea bila nanga. Mwaka 2016 mabasi ya mwendo wa haraka yalianza kazi jijini, na wananchi wakawa wameshayabatiza "mwendokasi". Hadithi iliyo ndani ya neno daladala inaweza kufifia nasi tungali hai. Riwaya zinazowapandisha wahusika wake daladala nazo zitahitaji sherehe siku moja. Je, ataiandika nani, na atamwuliza nani?

Kwa hiyo tunatoa rai. Kila mwanafunzi wa fasihi arudipo kwao likizo, iwe Tanga, Kilwa, Mafia, Ujiji au Malindi, akusanye maneno ishirini tu, yasizidi. Lakini kwa kila neno aandike mambo matano: sentensi nzima lilimosemwa; jina la aliyelisema, akiridhia; mahali na mwaka; kazi iliyokuwa ikifanyika; na neno gani vijana hutumia badala yake. Asiwaulize wazee wa kiume wa msikitini peke yao. Aingie jikoni kwa bibi, aende pwani kwa wavuvi, akae na wasuka ukili na wakwezi. Mkusanyaji aliyeishia barazani atarudi na maneno ya barazani tu.

Kazi ya namna hii imeanza kufanywa na taasisi: Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilichapisha mwaka 2012 kamusi za lahaja za Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba. Hatua hiyo inastahili pongezi, maana Kimakunduchi na Kitumbatu vinasemwa katika himaya ile ile ya Unguja ambayo jina lake lilitumika kuzisukuma lahaja pembeni. Taasisi pekee, hata hivyo, haziwezi kufika kila jiko.

HITIMISHO

Tumeona kwamba orodha ya maneno magumu nyuma ya kitabu ina historia ndefu kuliko kitabu chenyewe. Ndani yake wamo mmisionari aliyeandika akiwa na majonzi, mateka aliyebeba lugha yake kichwani, kamati iliyochora mpaka, padre aliyeyatendea maneno kama mimea, na malenga aliyeyatia katika utungo yasipotee. Wamo pia wengi ambao majina yao hatutayajua kamwe, na hasara hiyo haina fidia.

Ya kwetu inaweza kuepukwa. Mwalimu Sikujua aliwawahi wazee waliomkumbuka Muyaka, na yeye mwenyewe akafariki miaka michache baadaye. Laiti angechelewa kidogo tu, sehemu kubwa ya mashairi tunayoyahakiki leo kwa mbwembwe isingekuwapo. Wazee walio hai sasa nao hawatungoji tumalize shahada. Likizo inayokuja, daftari liwe ndani ya mfuko, na swali la kwanza liwe la adabu: "Shikamoo bibi, neno hili ulilisikia kwa nani?"